Dhidi ya Faili Lisilo na Msomaji

Imeenea siku hizi miongoni mwa waandishi wa programu, na si wa Dar es Salaam na Nairobi peke yao bali hata wa Njombe na Makambako, itikadi isemayo kwamba faili la usanidi, yaani lile faili linaloiamuru mashine namna ya kuujenga msimbo, kuupima, kuufunga na hatimaye kuupeleka kwenye seva ya mteja, si kazi ya kushughulisha akili ya mtu mzima. Kwamba ni maandishi matupu yasiyo na fikra ndani yake, yafananayo kila mahali, na kwa hiyo hapana busara ya kuyaandika kwa mkono ilhali zipo programu za violezo, na sasa ipo akili unde, ziwezazo kuyatoa kwa sekunde chache. Mwenye kusema kinyume huambiwa kuwa zama zimempita. Nami nakusudia kusema kinyume, wala si kwa kuzichukia mashine hizo, bali kwa sababu naona dai lenyewe limesimama juu ya dhana potofu kuhusu faili hilo ni kitu gani, na gharama ya upotofu huo hailipwi na hao walioutoa. Hulipwa na mkulima wa parachichi aliyekaa foleni ghalani tangu alfajiri akiambiwa kwamba mfumo haufunguki.

Hoja ya wapinzani wangu naitaja kwanza kwa uzito wake wote, maana si hoja ya wajinga. Wanasema kwamba kijana aliyesoma kompyuta Mbeya au Iringa, akarejea Makambako, akapangisha chumba kando ya barabara kuu iendayo Tunduma ili awaandikie mifumo wenye maghala ya mbao, vyama vya wakulima wa viazi na zahanati za misheni, hana mkubwa wa kazi wa kukaa naye ubavuni akamwonyesha njia. Kwamba lugha ya YAML, ambayo kwayo huandikwa sehemu kubwa ya mikondo hii ya kujenga na kupeleka programu, ile ambayo vijana huiita paipulaini, ni lugha yenye inda, kwa kuwa nafasi moja ikizidi mwanzoni mwa mstari faili hukataliwa, na namba ya toleo kama 3.10 ikiachwa bila alama za kunukuu husomwa kuwa 3.1, na neno NO, ambalo mwandishi alilikusudia liwe kifupisho cha nchi ya Norway, husomwa na baadhi ya programu kuwa ni kukanusha. Mashine, wanasema, haikosei nafasi wala haisahau alama. Basi kumnyima kijana huyo msaada wake ni kumwacha nyuma ya mwenzake wa Nairobi aliyezungukwa na wataalamu.

Hayo yote ni kweli, na sina la kuyapunguza. Walakini tazameni ni makosa ya aina gani waliyoyataja. Nafasi iliyozidi, alama iliyosahauliwa, namba iliyosomwa visivyo: haya, aghalabu, ni makosa yenye kelele. Mkondo husimama papo hapo, maandishi mekundu hutokea, kijana hukuna kichwa nusu saa, akaona, akasahihisha, na hakuna mteja hata mmoja aliyejua kwamba jambo lilitokea. Kosa la namna hiyo ndilo kosa rahisi kuliko yote katika kazi yetu. Yapo makosa ya pili, ambayo faili lake ni safi, nafasi zake zimenyooka, alama ya kijani inawaka, na hali ndani yake limeamrishwa jambo lisilofaa mahali hapa. Na hayo ndiyo mashine huyaandika kwa ufasaha uleule inaoandikia mambo ya haki. Kwa hiyo anayesifu mashine kwa kutuondolea makosa ya kwanza, kisha akafunga mjadala, ametuonyesha faida ndogo na kutufichia hasara kubwa.

Nitatoa mfano kwa kuushika mkononi. Niliwahi kulisoma, mstari kwa mstari, faili la namna hii pamoja na vijana walioandikiwa faili hilo na mashine, kwa ajili ya mfumo wa kupokelea mazao wa chama kimoja cha ushirika huku nyanda za juu. Lilikuwa faili la kupendeza, lenye maelezo mafupi juu ya kila hatua, na hatua ya mwisho, ile ya kupeleka programu kwenye seva, ilikuwa na amri nne zifuatanazo: simamisha kontena lililopo (yaani programu inayoendeshwa wakati huo), lifute, vuta imeji mpya (yaani kifurushi cha programu) kutoka hifadhi ya mbali, washa kontena jipya. Hapana amri hata moja kati ya hizo iliyo batili. Zikitekelezwa katika jumba la seva la Frankfurt au Virginia, ambako imeji ya megabaiti 400 hushuka kabla mtu hajamaliza kupiga chafya, mteja hatambui kwamba palikuwa na ukatizo. Lakini seva ya chama kile ilikuwa chini ya meza ya karani, imeungwa na intaneti kwa modemu ya laini ya simu, na siku ya mvua kasi yake haivuki megabiti 1 kwa sekunde. Hesabu yake haihitaji mtaalamu: megabaiti 400 kwa kasi hiyo ni dakika zaidi ya 50. Kwa muda wote huo programu ya zamani imekwisha kufutwa, na mpya haijafika. Umeme ukikatika katikati, au bando likiisha, karani hubaki hana ya jana wala ya leo, anarudi kwenye daftari, na magunia yanaandikwa kwa kalamu hadi mtu wa kompyuta apatikane kwenye simu.

Marekebisho yake yalikuwa kuupandisha mstari wa tatu uwe wa kwanza na kuushusha wa pili uwe wa mwisho. Imeji mpya ivutwe kwanza, hata ikichukua saa nzima, hali ya zamani ingali inafanya kazi. Ikishafika yote ndipo ya zamani isimamishwe, na isifutwe mpaka ile mpya ithibitike kuwa imesimama. Mistari ni ileile minne. Elimu yote ya shauri hili imo katika mfuatano, na mfuatano huo hauwezi kuamuliwa na asiyejua modemu ile, wala mvua ile, wala meza ya karani yule.

Nitajibiwa, na nimekwisha kujibiwa hivyo mara nyingi, kwamba dawa ni kuieleza mashine hali ya Makambako, nayo itaandika sawasawa. Naam, itaandika. Lakini ni nani atakayeieleza? Ili mtu aseme, seva yangu iko nyuma ya mtandao dhaifu kwa hiyo vuta kabla ya kusimamisha, yampasa awe amekwisha kujua kwamba kuvuta na kusimamisha ni mambo mawili, na kwamba kutangulia kwa moja kuna athari juu ya jingine. Na mwenye kujua hayo ameshalielewa faili, imebaki kazi ya mkono tu ya kulichapa. Asiyejua hataeleza, kwa sababu hajui kwamba kuna la kuelezwa. Ndiyo maana nasema kwamba hoja ya msaada kwa asiye na mwalimu inajivunja yenyewe: mashine humfaa yule ambaye angeweza bila yake, na humwacha gizani yuleyule iliyedaiwa kuja kumwangazia.

Liko pia jambo la saa; ni dogo kidogo, nitalipita upesi, ila nalitaja kwa kuwa sijaona mahali linapokosekana. Kazi zinazopangwa kujiendesha kwa wakati maalumu, katika mikondo mingi ya siku hizi, huhesabiwa kwa saa ya UTC isipoelezwa vingine, nayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kijana mmoja aliomba kazi ya kubadili toleo ifanyike kabla ya ofisi kufunguliwa, saa kumi na mbili asubuhi. Faili likaandikwa 0 6, yaani dakika 0 ya saa 6. Na kazi ikawa inaanza saa tatu asubuhi barabara, ghala likiwa limejaa watu. Ilitakiwa 0 3. Alama ya kijani iliwaka kila siku.

Sasa nageukia ule msingi wenyewe wa itikadi hii, yaani kwamba faili la ujenzi ni maandishi matupu yasiyostahili macho ya mtu. Kama kuna watu walioikubali imani hiyo kwa moyo wote kabla yetu, ni wale waliolenga kutudhuru. Machi 2024 mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva kwa njia ya SSH kulikuwa kukichukua karibu nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia kwa subira ya kustaajabisha, akagundua kwamba maktaba ya kubana data iitwayo xz, katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa imetiwa mlango wa siri. Na mlango huo ulianzia wapi? Haukuanzia katika msimbo wa wazi ambao wasomaji huupitia. Amri ya kuuchomoza iliwekwa katika hati ya ujenzi iliyokuwamo ndani ya kifurushi cha toleo peke yake, katikati ya yale mafaili marefu ya usanidi yanayotolewa na programu ya Autoconf, ambayo tangu mwaka 1991 hutengeneza hati za maelfu ya mistari na ambayo kwa mazoea ya miaka mingi hakuna azisomaye. Aliyefanya hayo alikuwa amejipatia imani ya mradi kwa muda wa miaka miwili hivi, na alipotafuta mahali pa kuficha alichagua pale ambapo ada yetu imeamuru macho yasifike.

Mwaka uliofuata, Machi 2025, somo lilirudi kwa sura nyingine. Kipande kimoja cha kutumika ndani ya mikondo ya GitHub, kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichokuwa kikitumiwa na ripo (yaani hifadhi za msimbo) zaidi ya 23,000, kilivamiwa, na tagi za matoleo yake (yaani majina yake mafupi) zikageuzwa zote zielekee kwenye msimbo mmoja mwovu, uliomwaga siri za mikondo, nywila na tokeni, ndani ya kumbukumbu za kazi, ambazo katika ripo za wazi husomwa na yeyote. Waliokuwa wametaja kipande hicho kwa namba yake kamili ya utambulisho, ile ya herufi na tarakimu 40, hawakuguswa, isipokuwa aliyebadili namba hiyo siku zilezile. Waliotaja kwa tagi fupi walipokea sumu bila wao kubadili hata herufi moja. Na mafaili yatolewayo na mashine hutaja kwa jinsi gani? Aghalabu kwa tagi fupi, kwa kuwa ndivyo walivyoandika wengi, na mashine hufuata wengi.

Mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo. Mkoa wa Njombe, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022–2023, ndio uliokuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote cha maambukizi ya virusi vya ukimwi Tanzania, asilimia 12.7 ya watu wazima, na maana yake ni kwamba katika kompyuta za kliniki za mkoa huu yamo majina ambayo kuvuja kwake kunaweza kuvunja nyumba na kumfukuzisha mtu kazi. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtwika anayeshika taarifa dhima ya kuzilinda. Faili la mkondo ndilo linaloshika ufunguo wa seva: linaingia bila kubisha, linabadili lipendalo, linatoka. Ni ajabu kubwa kwamba katika nyumba yenye amana ya namna hii tunampekua mwandishi wa kila ukurasa wa mfumo, tukamsahihisha rangi ya vitufe, halafu maandishi yenye madaraka kuliko yote tukayapitisha kwa kuwa yamekuja yamepangwa vizuri.

Wapo wasemao kwamba kazi ya kusoma nayo ipewe mashine: programu moja itoe faili, nyingine ilikague. Sina ugomvi na wakaguzi hao. Hukamata mengi, na mwenye akili huwatumia. Ila mkaguzi hukagua kwa kanuni ya jumla, na tatizo letu ni la mahali. Hapana kanuni ya jumla iliyovunjwa na zile amri nne, wala na ile 0 6. Na alama ya kijani, ambayo siku hizi huonyeshwa kwa mteja kama hati ya ubora, haisemi zaidi ya kwamba hatua zilizoandikwa zimefika mwisho; haiwezi kusema kama zilistahili kuandikwa.

Mfano wa uamuzi wa mahali tunao karibu. Pale Makambako iko stesheni ya TAZARA, reli ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na upana wa reli hiyo, milimita 1,067, ni namba ambayo ningependa kila kijana wa fani yetu aitafakari. Lau pangekuwako wakati huo chombo cha kutoa michoro kwa kuangalia ilivyozoeleka, kingeandika 1,000, kwa kuwa huo ndio upana wa Reli ya Kati na wa njia nyingine zilizokuwako Tanganyika, Kenya na Uganda. Na kisingekosea kwa desturi ya nchi, bali kingekosea kwa safari, maana treni ilikuwa ikienda Zambia, ambako reli zilikuwa za 1,067, na kila behewa lingegota Kapiri Mposhi. Waliochagua namba hiyo walijua pia inachogharimu: mizigo ya kuvuka baina ya TAZARA na Reli ya Kati ingelazimika kushushwa na kupakiwa upya. Waliilipa gharama hiyo kwa makusudi, wakijua sababu. Uchaguzi wa namna hiyo ndio ninaoudai, na hauwezi kuokotwa katika wingi wa mifano.

Hasha, sisemi kwamba kila herufi ichapwe kwa kidole. Kutoa mafaili kwa mashine ni jambo la kale katika fani hii, na lina mahali pake pa haki. Mwenye seva 40 zilizotawanyika kuanzia Lupembe hadi Ludewa na Makete, kila moja na jina lake na kasi yake ya mtandao, akiandika mafaili 40 kwa mkono atayachanganya. Afadhali aandike orodha moja fupi ya tofauti zake na kiolezo kimoja alichokitunga mwenyewe, kisha programu iyazalishe mafaili hayo kila orodha ibadilikapo. Lakini hapo chanzo ni chake, ni kifupi, amekisoma na anaweza kukitetea mbele ya mtu; na mafaili yaliyozaliwa huhifadhiwa riponi pamoja na chanzo ili mabadiliko yake yaonekane mstari kwa mstari. Hilo ni tofauti kabisa na kuomba kitu usichokijua kutoka mahali usipopajua, ukakiweka juu ya ufunguo wa nyumba ya mwenzako.

Na kuhusu kijana asiye na mwalimu, ambaye wapinzani wangu wamemfanya ngao, mimi namwonea huruma kuliko wao, ndiyo sababu siwezi kukubali apewe badala ya elimu. Mwalimu yuko. Mfumo wa DHIS2, uliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, ambao Tanzania huutumia kukusanya takwimu za afya za nchi nzima, umewekwa wazi pamoja na mafaili ya mikondo yake, na yeyote mwenye simu anaweza kuyafungua na kuona jinsi watu wazoefu walivyoyapanga, walivyoyabadili na sababu walizoandika walipoyabadili. Jioni chache za kusoma faili moja la namna hiyo, akijiuliza kwa kila mstari ungetokea nini kama usingekuwapo, zitamfaa kuliko mafaili mia aliyoletewa. Kisha aandike la kwake, fupi, lenye yale tu ayahitajiyo. Mkondo wa mfumo mdogo wa ghala hautakiwi kupita ukurasa mmoja. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima, aliyejua hatua za mkondo wake aliweza kuzitekeleza kwa mkono, moja baada ya nyingine, akiwa na kompyuta yake na waya wa mtandao wa ndani. Aliyekuwa na faili asilolisoma hakuwa na pa kuanzia, kwa kuwa mkondo wake ulikuwa ukiendeshwa na seva za ng'ambo na hakuna alichokijua juu yake isipokuwa kitufe.

Basi shauri langu nawaelekezea wale wanaolipa, kwani wao ndio wenye uwezo wa kulibadili jambo hili kuliko walimu na kuliko waandishi wa makala. Vyama vya ushirika, hospitali za misheni na halmashauri za Njombe na Makambako ziandike katika mikataba yao sharti moja: kwamba kabla ya malipo ya mwisho mtengenezaji akae mezani pamoja na mtu wa mteja, faili la mkondo likiwa limechapishwa kwenye karatasi, aeleze kwa Kiswahili kila mstari unaamuru nini na kwa nini umewekwa hapo ulipo, na mstari ambao hawezi kuueleza ufutwe au malipo yangoje. Nimeambiwa kwamba sharti hilo litachelewesha kazi kwa siku nzima. Ndiyo, litachelewesha, na siku hiyo ihesabiwe katika bei.